Nyumba ya Vyumba Sita na Ukumbi Wake

Mtu wa Dar es Salaam akiulizwa anakaa katika nyumba ya namna gani, aghalabu hujibu kwa kutaja vitu vinunuliwavyo dukani: bati, tofali, vigae, madirisha ya vioo. Akiwa mpangaji hutaja kile anacholipia kodi, yaani chumba kimoja, au chumba na sebule. Majibu hayo si ya uongo. Lakini sisi tukaao Kawe, katika nyumba ambayo wenyeji wa mji huu huiita nyumba ya Kiswahili, hatuna budi kuanza na sehemu ambazo hakuna mtu aliyepata kuzilipia kodi tangu nyumba iliposimama, nazo ni kibaraza, ukumbi na ua. Vyumba ni mahali pa kulala na kufungia masanduku. Nyumba yenyewe imo katika sehemu hizo tatu, na hasa ukumbi.

Msomaji ambaye hajapata kuingia nyumba ya namna hii na atufuate. Mbele kuna kibaraza cha saruji kilichosuguliwa na makalio ya watu kwa miaka mingi hata kikang'aa. Hapo huketi wanaume jioni, na muuza kahawa hujua saa ya kupita. Mlango wa mbele ni wa mbao, una mabawa mawili, na mchana haufungwi. Ukiingia wajikuta ndani ya ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi mlango wa nyuma, hata aliyesimama barabarani aweza kuona mwanga wa uani. Kulia kuna vyumba vitatu na kushoto vitatu, milango ikitazamana. Kila mlango una pazia, na pazia ndilo lizungumzalo: likiwa limeteremshwa, mwenyewe yumo na hataki kusumbuliwa; likiwa limefungwa fundo, karibu. Ukifika uani wakuta jiko, stoo, bafu, choo, mapipa ya maji, kamba za kuanikia nguo, na mwembe mmoja uliokuwepo kabla ya nyumba. Upande wa kushoto kuna banda la uani la vyumba viwili, lililoongezwa baadaye. Juu ya yote hayo ni paa la bati la mgongo wa tembo.

Sebule haimo. Mgeni mwanamume asiye wa ukoo hukaribishwa kibarazani. Jamaa na wageni wa kike huingia ukumbini wakatandikiwa mkeka. Aliye wa ndani kabisa hupita hadi uani, akavuta kibao cha mbuzi na kusaidia kukuna nazi. Hivyo urefu wa ukumbi ni kipimo cha ujamaa baina ya mwenyeji na mgeni, na hakuna anayehitaji kuambiwa aishie wapi.

Nyumba hii si ile ya mawe ya Lamu na Unguja, yenye daka mlangoni na zidaka ukutani, iliyojengwa na wenye mali. Asili yake ni nyumba ya udongo ya watu wa pwani, ya pembe nne na paa la makuti. Kwa njia za misafara ilikwenda bara hadi Tabora na Ujiji, na mjini hapa iliwapokea watu wa kila kabila waliokuja kutafuta kazi. Aliyezaliwa katika msonge wa Bukoba na aliyezaliwa katika tembe la Ugogo wote walifika Kariakoo wakapanga chumba, na baada ya miaka michache, kila mmoja alipopata kiwanja, alijenga nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati. Hawakuamriwa. Wakoloni waliutenga mji kwa rangi za watu, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake, lakini ndani ya eneo la Waafrika nyumba hii ilifanya kazi ambayo serikali zile hazikuwa na haja nayo: iliwachanganya watu chini ya paa moja na kuwasemesha lugha moja.

Marehemu baba yetu alikuja kutoka upande wa Kisarawe kufanya kazi katika kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers, kilichokuwa hapa Kawe. Siku hizo Kawe ilikuwa mikorosho na minazi, na upepo ukigeuka tulijua kwa pua kwamba kiwandani wanachemsha nyama ya kopo. Alianza kujenga mwaka 1969, kwa udongo. Nguzo za panda zilisimamishwa, fito zikafungwa kwa kamba, mwamba ukapandishwa na makombamoyo yakalala juu yake. Kisha ikaja siku ya kukandika, ambapo majirani walikanyaga udongo kwa miguu tangu alfajiri na mama akapika ubwabwa wa kuwashibisha wote. Paa likaezekwa kwa makuti ya viungo. Hayo tuliyasikia tu, maana tulikuwa hatujazaliwa, ila hadithi yake tumeirithi pamoja na nyumba.

Kiwanda cha saruji cha Wazo, kilicho kaskazini yetu, kilikuwa kimeanza uzalishaji mwaka 1966, na saruji ikaanza kuingia katika mawazo ya watu kabla haijaingia katika kuta zao. Baba hakubomoa nyumba ya udongo. Aliigeuza. Kila alipopata mifuko michache ya saruji alifyatua tofali uani, akalishikiza paa kwa nguzo, akaangusha kiambaza kimoja cha udongo na kuinua ukuta wa tofali mahali pake. Familia ilihamia chumba cha pili kikijengwa cha kwanza, na cha kwanza kikijengwa cha pili. Miaka ya mwanzo ya 1980, saruji ilipoadimika na bati likawa kitu cha kibali, kazi ilisimama kabisa, na kwa muda mrefu upande wa kulia wa ukumbi wetu ulikuwa wa tofali na wa kushoto wa udongo. Mwaka 1986 ndipo ukuta wa mwisho ulipokamilika. Tulikuwa vijana wakati huo, tukibeba maji ya kumwagilia tofali, na twakumbuka kwamba hakuna mwaka wala mwezi ambao tuliihama nyumba ya zamani kwenda katika mpya. Iligeuka tukiwa ndani yake.

Mwalimu Nyerere, alipoitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, aliwalaumu Watanzania kwa kuzitamani saruji na bati hata wakashindwa kuona kwamba udongo walioukanyaga waweza kuwapa nyumba bora. Baba alikuwa mwana TANU na kisha mwana CCM wa kweli, lakini katika jambo hilo hakumfuata Mwalimu. Sisi twaona kila mmoja alikuwa na haki yake. Mwalimu alihesabu fedha za kigeni na gharama za usafirishaji. Baba alihesabu mvua. Kila baada ya masika kiambaza cha udongo hudai kukandikwa upya, na anayeitwa kukandika ni mama na mabinti. Wasifuo nyumba za udongo katika makongamano wangeulizwa kwanza iwapo wamepata kuzikarabati. Hata hivyo saruji nayo hudai. Mchanga wa tofali za mji huu ulichimbwa kwa miaka mingi katika mito ya Mbezi na Tegeta, mchanga ambao ungeshuka baharini kuulisha ufuko, na huko Kunduchi bahari imekula nchi kavu, majengo yakaanguka majini. Nyumba yetu nayo imo katika deni hilo.

Vyumba sita vilikuwa vingi kwa familia moja ya mfanyakazi, kwa hiyo tangu mwanzo viwili au vitatu vilipangishwa. Azimio la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, ila baba hakuwa kiongozi wa kitu chochote isipokuwa zamu yake kiwandani. Na mwaka 1971 serikali ilipoyatwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, nyumba kama hizi zilibaki kwa wenyewe kwa kuwa thamani yake haikukaribia hapo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wengi hudhani nyumba ya Kiswahili ilisalia kwa kupendwa tu. Ilisalia pia kwa kuwa ilikuwa ya mtu mdogo: mjane aliyeishi kwa kodi ya vyumba vitatu, mzee aliyestaafu bila kiinua mgongo cha maana. Mwaka 1967 mji huu ulikuwa na watu 272,821. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani 5,383,728. Sehemu kubwa ya watu hao walilala usiku wao wa kwanza mjini nyuma ya pazia la chumba cha kupanga.

Baba alijenga kuta, lakini aliyeiendesha nyumba ni mama. Mpangaji alipokuja kuulizia chumba, mama hakumwuliza kwanza kazi yake. Alimwuliza, "Mwanangu, zamu ya kufagia utaiweza?" Akijibu kwamba ana mtu wa kumfagilia, alikosa chumba. Sheria zake hazikuandikwa, nasi tulizijua kwa moyo kama watoto wa chuo wajuavyo sura fupi. Kila chumba hufagia ukumbi na ua juma moja. Mlango wa mbele hufungwa saa nne usiku, na anayechelewa hupiga hodi dirishani kwa mama, si kwa mwingine. Mkaa na sufuria havikopwi bila kusema, chumvi yaweza kukopwa kimya. Wagombanao hawapishani ukumbini bila salamu, hata kama salamu ni ya midomo tu. Mtoto aliyekutwa akila uani huhesabiwa ameshakaribishwa. Kodi ilipokelewa mwezi kwa mwezi. Desturi ya siku hizi ya kudai miezi sita kwa mkupuo mama aliiita kumkaba mtu koo huku ukimkaribisha.

Hatupendi kulipamba jambo hili. Zipo hotuba nyingi zinazousifu undugu wa nyumba za Uswahilini kana kwamba undugu huota wenyewe kama majani baada ya mvua. Ulikuwa kazi, na kazi hiyo ilikuwa na mtu. Umeme wa LUKU ulipoingia, nyumba nzima ikiwa na mita moja, ilikuwa kila baada ya siku chache units zinakwisha na ugomvi unaanza: huyu ana friji, yule anapiga pasi kila asubuhi, yule wa banda la uani ana taa moja tu, naye asema halipi sawa na wenye friji. Mama hakujua kusoma vizuri, lakini alikaa na daftari la mjukuu akaweka alama: friji kete tatu, pasi kete mbili, taa kete moja. Kete hizo zilihesabiwa kila mwezi mkekani, ukumbini, mbele ya wote. Tumefanya kazi serikalini zaidi ya miaka thelathini, na tumekaa katika kamati nyingi zilizoshindwa kugawana kidogo kuliko hicho kwa muda mrefu kuliko huo.

Tukiwa watu wa mashairi, twaomba ruhusa ya kuchepuka kidogo. Neno ubeti latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba. Na mshororo wa shairi letu la kawaida una ukwapi upande mmoja na utao upande wa pili, mizani minane kwa minane, na katikati pana pumziko ambalo halihesabiwi mizani. Mwimbaji asipolitua pumziko hilo, mshororo husikika kama mzigo wa kuni. Tangu tulipojifunza hayo shuleni, hatujapata kuuona ukumbi wa nyumba yetu, na vyumba vyake vitatu kwa vitatu, bila kuyakumbuka.

Baba alimwambia fundi kwamba upana wa ukumbi uwe wa kupitisha vitu viwili bila kuviinamisha, kitanda cha bi harusi kikiingia, na jeneza likitoka. Vyote vimepita. Dada yetu aliolewa hapa, ukumbi ukatandikwa mikeka kutoka mlango hadi mlango na wapangaji wakatoa vitanda vyao uani ili vyumba vyao viwe vya wageni. Baba alipofariki, na mama baada yake, maiti zilioshwa uani kwa pazia la kanga na kutolewa kwa njia hiyo hiyo. Katika khitma ya mama, aliyepika pilau uani alikuwa mpangaji wa chumba cha tatu mkono wa kulia, Mkristo kutoka Songea, na aliyeandika majina ya waliotoa rambirambi alikuwa kijana wa banda la uani ambaye alikuwa anadaiwa kodi ya miezi miwili.

Tangu mama alipoondoka ndipo tulipofikwa na jambo lililotufanya tuandike haya. Kiwanda cha nyama kimefungwa miaka mingi, na katika eneo lililokuwa lake yamepanda majengo ya ghorofa ya Shirika la Nyumba la Taifa. Viwanja vya Kawe sasa vina bei ambayo baba asingeweza kuitamka. Nyumba za jirani zimeuzwa moja moja, zikabomolewa, zikazungushiwa ukuta mrefu wenye nyaya juu. Hatulalamiki juu ya ghorofa. Pale Magomeni Kota majengo yaliyozinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya kaya 644 yamewapa watu maji na vyoo ambavyo nyumba zetu nyingi hazina. Na mwenye fleti naye ana ngazi na ukumbi anaoutumia pamoja na wenzake. Ndiyo maana ilitungwa sheria mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, ili sehemu hizo za pamoja ziwe na mwenyewe wa kuzitunza. Tuliposoma sheria hiyo kazini, tulimwona mama na daftari lake katika kila kifungu.

Warithi ni watatu: dada yetu mkubwa, sisi, na mdogo wetu wa kiume. Kwa hesabu ya mirathi yetu Waislamu mafungu ni matano, mawili mawili kwa wanaume na moja kwa dada. Vyumba ni sita. Hata mtoto wa darasa la tatu aona kwamba havigawanyiki. Mdogo wetu alileta shauri lililofikiriwa vema, wala hatukulidharau. Alitaka tuuzibe ukumbi kwa kuta mbili, nyumba iwe nyumba ndogo tatu, kila moja na vyumba viwili, mlango wake wa nje, mita yake ya LUKU, na choo chake ndani. Vyoo hivyo vipate nafasi katika kile kilichokuwa ukumbi. Alituambia jambo ambalo hatukuwa na jibu lake: mkewe alipojifungua alivuka ua usiku wa mvua kwenda msalani, na kidonda chake hakijapona. Alisema pia kwamba nyumba yenye choo ndani hupata kodi mara mbili, na kwamba wapangaji wa leo hawataki zamu ya kufagia, wataka kufunga mlango wao.

Tuliketi ukumbini, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuwatosha watu watatu na mashahidi wao. Dada alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wadogo zangu, mmenipa fungu moja, nami nimelikubali. Basi vyumba vyote gawaneni ninyi. Fungu langu nipeni ukumbi."

Mdogo wetu alicheka, kisha akanyamaza. Maana aliyepewa ukumbi amepewa njia ya kila chumba. Mzee mmoja wa mtaa, aliyekuwa shahidi, alisema hajapata kuona hesabu kama ile tangu azaliwe, ila haoni kosa ndani yake. Dada akaendelea kusema kwamba yeye ni mjane, kwamba aweza kurudi kutoka Temeke na kukaa hapa, lakini hatarudi ili awe mfagizi wa wanaume wawili. Ukumbi ukibaki, zamu ni ya wote, na choo kijengwe kipya mlangoni mwa ua, chini ya paa, ili mwanamke asivuke mvua.

Mazungumzo yalichukua siku nne. Sisi, kwa kuwa twaitwa mwandishi, tulipewa kazi ya kuandika mapatano yatakayopelekwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kifungu cha vyumba kiliandikwa kwa dakika chache. Cha kodi pia, na cha choo kipya, pamoja na mita tatu za LUKU, ambazo mdogo wetu alizishikilia akashinda. Kifungu cha ukumbi tumekiandika mara saba. Hakuna neno la kisheria tunalolijua lisemalo kwamba mahali ni pa mtu mmoja ili pawe pa watu wote. Mwishowe tuliandika kwamba ukumbi ni wa dada, hauuzwi, hauzibwi wala haulipiwi, na kwamba kila chumba kitaufagia juma moja kwa zamu, ikiwemo ile ya mwenye kuandika.

Fundi amekwisha kuandika mahitaji yake ya choo: mifuko ya saruji, nondo, lori la mchanga, bomba la kutolea maji machafu. Mpangaji wa Songea amesema atabaki. Kijana wa banda la uani amelipa mwezi mmoja kati ya miwili. Daftari la kete dada amelikuta stoo, ndani ya sanduku la mama, na amelitundika kwa msumari nyuma ya mlango wa mbele. Zamu zimeanza Jumatatu iliyopita, kwa chumba cha kwanza mkono wa kushoto. Juma lijalo ni cha pili, ambacho ni chetu.